Walioacha Kuitika

Sauti ikamwita tena: "Tusekile Mwakibete."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, iliyoundwa na mashine kutokana na rekodi za miaka mingi nyuma, na ilipita katika vifaa vidogo vilivyoshonwa ndani ya kofia mpaka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mwanzoni, kila ilipomwita, Tusekile aliitika. Si kwa mdomo. Mdomoni mlikuwa na bomba lililoshuka mpaka kooni, na mwili mzima, toka kope hadi vidole vya miguu, ulikuwa umelegezwa kwa dawa. Aliitika kwa ndani, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomwitika mama yake akiwa chumba cha pili: abee. Kofia iliyombana kichwani ikainasa ile abee ya kimyakimya na kuwasha taa ya kijani juu ya kitanda.

Kijani maana yake: yupo.

Kitanda hiki alikuwa amekitamani. Miaka ile kila daktari aliyesomea ubingwa wa tiba ya wagonjwa mahututi ilibidi, kabla ya kufuzu, alazwe yeye mwenyewe kama mgonjwa mahututi. Apumuliwe na mashine, ageuzwe ubavu na watu wengine, asikie yote asiweze kusema lolote. Wanafunzi waliomtangulia walikaa siku moja. Kundi lake lilikuwa la kwanza kukaa tatu. Wenzake walikwenda kwa kujikaza. Tusekile alikwenda kama mtu anayekwenda kuona nchi aliyoisikia kwenye hadithi tu, na aliahidi kuangalia kila kitu.

Basi aliangalia. Aligundua kwamba kiu ina sehemu yake maalumu, katikati ya ulimi. Aligundua kwamba gundi ya plasta shavuni inawasha kwa zamu, inakuja na kuondoka. Aligundua kuwa ukiwa umefumba macho, mkono wa baridi unaokugusa bila salamu unakera kuliko sindano. Na sauti iliendelea kumwita, kila baada ya dakika chache, kwa lafudhi ileile na kituo kilekile. Tusekile Mwakibete. Abee. Tusekile Mwakibete. Abee.

Haikujulikana ni saa ngapi, wala siku gani, ilipotokea. Hakuamua kunyamaza. Ilikuwa kama mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga: wiki ya kwanza hapati usingizi, wiki ya pili anamuuliza mgeni, "Kelele gani?" Sauti iliita, ikapita, naye akabaki akisikiliza mambo yenye ladha zaidi. Magurudumu ya toroli. Mvua kwenye bati la ukumbi. Wanawake wawili waliokuja kumbadilishia shuka, mmoja akimnong'oneza mwenzake habari ambazo Tusekile alizipokea kwa hamu kubwa, maana zilikuwa mpya.

Kisha akahisi ubaridi ukipanda mkononi kupitia mshipa, dawa ya usingizi mzito iliyopangwa kwa siku ya mwisho, na dunia ikafungwa.

*

Asubuhi iliyofuata alikuwa amekaa kwenye chumba cha wauguzi, shuka mabegani, akinywa uji wa vuguvugu kwa vijiko vidogo. Koo lilimuuma. Nje, ukungu wa milima ya Mbeya ulikuwa umelala juu ya hospitali, hata mnara wa maji haukuonekana.

Sista Belita, muuguzi mkuu wa wodi, aliingia kumwangalia. Alikuwa mwanamke mnene wa mwendo mwepesi, mwenye kucheka haraka.

"Umeamkaje, dokta? Huko ulikokuwa kuzuri?"

"Kuna baridi," Tusekile alisema kwa sauti iliyokwaruza. Akatabasamu. "Sista, Kigoma unakwenda lini?"

Kicheko cha Sista Belita kilikatika.

"Nani kakwambia habari za Kigoma?"

"Wewe mwenyewe. Mlikuwa mnanigeuza, wewe na yule dada wa usafi. Ulisema umepata kazi kule, na kwamba hata mzee nyumbani hujamwambia."

Muuguzi alisukuma mlango kwa kisigino ukafungika. Alisimama pale, mikono kiunoni, akimtazama Tusekile kama anayetazama kitu kilichoota mahali pasipopandwa kitu.

"Dokta," alisema polepole, "maneno yale mimi siwezi kuyasema mbele ya taa ya kijani. Niliitazama kwanza. Taa yako ilikuwa nyeupe. Nikajua wameshakulaza usingizi mzito."

"Usingizi mzito ulikuja baadaye. Nilihisi dawa ikiingia."

"Ilikuwa nyeupe, nakuapia." Aliinamisha kichwa. "Sote tunaitazama. Ikiwa kijani tunamsalimia mgonjwa, tunamwambia tunakugeuza sasa, samahani. Ikiwa nyeupe... tunaongea mambo yetu."

Tusekile aliweka kijiko chini. Cha ajabu, kilichomjia kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa ni ule udadisi uliomfanya, akiwa msichana, afungue redio ya babu yake kuona mtu anayeongea yuko wapi. Taa ilikuwa nyeupe, naye alikuwepo. Kwa nini? Alifumba macho akarudi kitandani kwa mawazo, akaitafuta sauti ile iliyokuwa ikimwita, akakuta kwamba kwa kipande chote cha mwisho haimo kabisa katika kumbukumbu zake. Shuka limo, mvua imo, Kigoma imo. Sauti haimo.

"Sikuondoka," alisema. "Nilichoka kuitwa."

Ndipo hofu ikafika. Kwa sababu alikumbuka kitanda cha pembeni, cha Mzee Lugano Mwasenga, fundi wa mitambo ya maji aliyeviliwa na damu kwenye ubongo. Taa yake ilikuwa nyeupe mwezi mzima, muda ambao sheria inautaka kabla ya kuzima mashine. Mkewe ameshatia kidole kwenye fomu ya kukubali. Mashine ilikuwa izimwe leo mchana.

*

Profesa Rwegoshora ndiye aliyeitengeneza kofia. Kabla yake, madaktari walibinya kucha za wagonjwa, wakawamulika machoni kwa tochi, kisha wakakisia. Wapo waliowekwa kwenye mashine mwaka mzima wakiwa hawapo, huku wengine wakifia kwenye benchi la mapokezi kwa kukosa kitanda. Kofia ilikomesha kukisia. Inaita jina, ubongo wa aliyepo hushtuka kidogo, usingoje ruhusa ya mwenyewe, wa asiyekuwepo hubaki tuli. Nchi nzima iliitegemea, na profesa, ambaye sasa alikuwa mzee mrefu aliyepinda mgongo, hakupenda kusifiwa kwa ajili yake.

Alimsikiliza Tusekile mpaka mwisho. Hakukasirika. Alifungua skrini, akaleta mchoro wa siku zake tatu za kitandani, akasogeza miwani. Mstari ulipanda na kushuka kila alipoitwa, vilima virefu siku ya kwanza, vichuguu siku ya pili. Siku ya tatu alfajiri ukalala. Alama ya dawa ya usingizi ilikuwa mbali, upande wa mchana.

"Na katikati hapa," profesa alisema, akigusa kile kipande kitupu, "unasema ulikuwa macho."

"Nilimsikia Sista Belita."

"Wagonjwa mahututi husikia mengi, binti yangu. Wengine huona simba dirishani. Unajua hilo, umelisomea."

"Simba hawezi kuniambia jambo ambalo mume wa sista halijui."

Profesa aliutazama tena mchoro. Kisha, kana kwamba hakuna mtu mwingine chumbani, akasema, "Tuliijaribu kofia kwa saa chache tu. Watu wazima, wazima kabisa, saa chache. Nilichagua sauti moja isiyobadilika ili majibu yalinganishwe." Alivua miwani. "Ilionekana ni uangalifu."

Simu ya ukutani ililia kabla Tusekile hajajibu. Ilikuwa mapokezi. Kuna kijana, Ambokile, dereva wa trekta, limemlalia shambani. Mbavu zimeingia ndani, anapumuliwa kwa mikono kwa kubinya mfuko. Anahitaji kitanda. Ndege ya wagonjwa haiwezi kuruka katika ukungu ule. Ama apewe kitanda cha Mzee Lugano leo, ama aende Iringa kwa barabara, na kama ni barabara, gari liondoke sasa hivi.

Profesa aliziba simu kwa kiganja.

"Umesikia. Mke wa Mzee Lugano yuko njiani, amekwamishwa na ukungu huuhuu. Nenda kamjaribu mgonjwa unavyojua wewe. Nakupa muda wa kuvaa viatu na kurudi."

Tusekile alikwenda akijishika ukutani, miguu bado haijamkubali. Alimwinamia Mzee Lugano, akamwita kwa sauti yake mwenyewe. Akamwita kwa Kinyakyusa. Akamwita baba, akamwita fundi, akapiga makofi karibu na sikio lake. Mashine iliinua kifua cha mzee na kukishusha. Taa ilibaki nyeupe kama yai.

Alirudi.

"Haikubadilika," alisema.

"Basi?"

"Mimi pia nisingeitika. Mgeni mwingine anayeita jina, ni mashine ileile ya kusaga."

"Tusekile." Haikuwa kawaida yake kumwita kwa jina bila cheo. "Kama umekosea, tumempeleka mtu mwenye miaka ishirini barabarani kwa ajili ya mwili usio na mtu. Kama hukukosea..." Hakuimalizia. "Mimi siwezi kuamua. Siiamini tena kofia yangu, na wewe nimekuamini tangu asubuhi hii tu. Wewe ndiye uliyelala pale. Sema."

Alitamani aseme bado hajafuzu. Alitamani aombe muda. Lakini simu ilikuwa ikingoja mkononi mwa profesa, na ndani ya simu palisikika mtu akihesabu pumzi za Ambokile.

"Aende Iringa," alisema. "Aende na Dokta Gwamaka, ana mikono mizuri. Nami nitawaambia ndugu zake."

Ndugu alikuwa mmoja, kaka yake mkubwa, suruali imejaa udongo wa shambani. Tusekile alimweleza ukweli: kitanda kipo, lakini ndani yake huenda kuna mtu. Kaka alimsikiliza akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Huenda?" aliuliza.

"Huenda."

Yule mtu alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akakimbia kupanda gari.

*

Bi Sekela, mke wa Mzee Lugano, alifika jua lilipoanza kuupasua ukungu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheusi cha msiba alichokivaa mapema, na ndani ya kikapu alibeba nguo za kumvisha mumewe. Tusekile alimkalisha, akamwambia mambo yalivyo. Alitegemea machozi. Bi Sekela aliuliza, "Sasa mnataka nini kwangu?"

"Mama, tangu amelazwa umekuwa ukimwambia nini?"

"Mambo mazuri. Namwombea. Namwambia watoto wazima, paa halivuji, pumzika baba. Mgonjwa anaambiwaje?"

"Kila siku?"

"Kila siku."

Tusekile alivuta kiti karibu. "Kuna jambo lolote ukilisema lazima akukatize? Jambo ambalo akilisikia hawezi kunyamaza, hata awe amechoka vipi?"

Bi Sekela alikitazama kitanda. Kisha pembe ya mdomo wake ikasogea.

"Lipo. Lakini ni aibu. Mbele ya profesa?"

"Sema, mama," alisema Profesa Rwegoshora kutoka mlangoni. "Mchokoze."

Bi Sekela alisimama kando ya kitanda. Akavua kilemba, akakitia kikapuni. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya kuombea tena. Ilikuwa ya jikoni kwake.

"Haya, Lugano. Kuna wageni hapa wanataka kujua harusi yetu ilikuwaje. Nimewaambia bwana harusi alilia."

Mashine ikavuta pumzi.

"Nimewaambia alilia kanisani tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, mchungaji akasimamisha ibada, akatafutiwa leso ya mama yangu. Kamasi hadi kwenye tai."

Mashine ikashusha pumzi.

"Anasema eti ulikuwa moshi wa jikoni." Aligeuka kumtazama Tusekile, machozi sasa yakimshuka bila yeye kuyajali. "Miaka yote anasema moshi. Moshi gani, Lugano? Jiko lilikuwa ng'ambo ya barabara! Na upepo ulikuwa unakwenda kule! Ulilia, baba, na nitawaambia watu wote mazishini kwamba ulilia, na hutakuwepo kunibishia!"

Taa ikatetemeka.

Ilikuwa kidogo sana. Sista Belita, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, alidhani ni umeme. Kisha ikajaa kijani, ikafifia, ikajaa tena, na kwenye skrini mstari uliolala mwezi mzima ukainuka kilima kwa kilima, kama mtu anayeropoka.

"Anabisha," alisema Tusekile.

"Ndiyo," Bi Sekela alisema, akajifuta uso kwa kiganja. "Huyo ndiye yeye."

Profesa Rwegoshora alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Alikuwa akiitazama ile kijani, na midomo yake ilicheza bila sauti, na Tusekile akatambua kwamba profesa alikuwa akiyataja majina. Majina ya watu waliozimiwa mashine, mmoja baada ya mwingine. Hakuonekana kama mtu aliyekaribia mwisho wa orodha.

*

Habari za Ambokile zilikuja jioni ya siku hiyohiyo. Dokta Gwamaka alipiga simu kutoka Chimala. Mapafu yalikuwa yamegoma kabla hata hawajafika uwanda wa chini. Walisimama kando ya barabara, wakafanya yote yanayofanyika kando ya barabara.

"Kaka yake yupo hapa," alisema Gwamaka. "Anauliza kama yule wa kitandani alikuwemo."

Tusekile alijibu, "Mwambie alikuwemo."

Maneno yakanong'onwa mbali na simu. Kisha Gwamaka akarudi. "Anasema sawa. Anasema alitaka kujua tu."

Hakukuwa na namna ya kulibeba jambo lile likawa jepesi. Tusekile aliketi ngazini nyuma ya wodi akalia, naye hakusingizia moshi. Hakujua kama aliamua vizuri. Alijua tu kwamba kesho yake simu nyingine ingelia kutoka mapokezi kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na keshokutwa nyingine, na kwamba kofia isingeamua tena badala ya mtu yeyote. Aliosha uso, akarudi ndani, kwa sababu taa nyeupe nyingine ilikuwa bado inawaka.

Kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alilala mwanamke wa makamo aliyeokotwa kituo cha mabasi, hana pochi, hana simu, hana wa kumtafuta. Profesa alikuwa ameshafika pale. Alisimama kama mwanafunzi.

"Huyu tumchokoze kwa nini?" aliuliza. "Hatujui alimpenda nani wala aligombana na nani."

"Nimwambie mimi ni mwanawe?" Tusekile alisema. "Hilo atalishtukia."

"Dokta, hapana," alikatiza Sista Belita. "Na kama hana mtoto? Na kama alikuwa naye akamzika? Utakuwa umemfanyia nini, naye hawezi hata kugeuza shingo?"

Tusekile aliona haya. Akakichomoa kifaa kimoja kidogo cha sauti ndani ya kofia, akakiweka nyuma ya sikio lake, kutaka tu kusikia mwanamke huyu alikuwa akisikia nini wiki zote hizi. Sauti laini ilisema, "Mgeni Kituoni."

Akakitoa. "Nani alimpa jina hili?"

"Mfumo," alisema sista. "Wasiojulikana wote wanaandikwa hivyo. Mgeni, halafu mahali alipookotwa."

Walitazamana, wote watatu.

Tusekile alizima ile sauti ya kofia. Alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akakaa, akaushika mkono wa yule mama.

"Shikamoo, mama. Naitwa Tusekile, ni daktari hapa. Tumekukosea. Tumekuwa tukikuita jina ambalo si lako, ndiyo maana hukuitika. Nami jina lako silijui. Nitataja yale ninayoyajua. Likipita lako, nishtue."

Akaanza. Alitaja ya kwao kwanza: Atuganile, Subilaga, Tumpe, Anyasime. Sista Belita akasogea upande wa pili akaongeza ya Wabena na Wahehe. Yalipowaishia, profesa akakohoa, akaleta ya Kagera, Kokubanza, Koku, Nyamwiza, kwa sauti ya kitoto kidogo, kama anayewaita dada zake waingie ndani. Wauguzi wa zamu walisimama kusikiliza, kisha nao wakachangia, ya bibi zao, ya Mwanza, ya Mtwara, ya Kiislamu na ya Kikristo. Taa ilibaki nyeupe. Hakuna aliyeharakisha.

Ni dada wa usafi, akipita na ndoo, aliyesema, "Mmejaribu Somoe?"

"Somoe," alisema Tusekile kwa upole, akiwa ameinama. "Somoe."

Kijani ikaruka juu ya kitanda, kali, ikamulika mto na nywele za mama yule zilizoota mvi.

Dada wa usafi aliitua ndoo. Profesa aliinua mkono kumzuia yeyote asishangilie, na kweli hapakuwa na la kushangilia bado, maana hawakujua walichokishika. Pengine lilikuwa jina lake. Pengine lilikuwa la mama yake, au la bintiye, au la mtu aliyemtorosha mpaka akafika kituoni hana kitu mkononi. Tusekile alisogeza kiti, magoti yake yakagusa kitanda.

"Somoe ni nani, mama?" aliuliza, akangoja.